Siku moja ya fundi cherehani kisiwani Ngazija

Saa 11 alfajiri

Adhana ya Itsandra, mji tunaoishi, inanikuta niko macho. Si ucha Mungu, ni mama mkwe. Kila alfajiri anafunua birika la maji lililo ubavuni mwa nyumba, anateremsha kamba yenye mafundo, anaivuta, anahesabu mafundo yaliyolowa. Idadi yake ndiyo taarifa ya habari ya nyumba hii, wengine wote tunapanga siku kwa hiyo.

"Saba," anasema leo, kwa sauti ya kutusikilizisha.

Saba si balaa, ila ni mwezi wa nane, na nyumbani tuna wageni kumi na mmoja kutoka Marseille waliozoea kuoga huku bomba linamwaga. Nikiwapigia simu ndugu zangu Unguja na kuwaeleza haya, hawanielewi. Moroni, mji mkuu wa Komoro, hunyeshewa zaidi ya milimita 2,500 kwa mwaka. Vipi watu wapime maji kwa kamba? Jibu liko chini ya miguu. Kisiwa kizima ni volkano, na jiwe lake jeusi limejaa matundu. Mvua ikipiga, inazama hapo hapo. Ngazija haina mto unaotiririka mwaka mzima, hata mmoja. Nzwani, kisiwa jirani, ina mito yake, ingawa mingi nayo inakauka. Huku kwetu maji ni ya paa: bati, mfereji, birika. Kashkazi linajaza kuanzia Novemba mpaka Aprili, kusi likivuma tunakunywa akiba.

Mke wangu anasema ubaya wa birika si kukauka. Novemba 2005 Karthala, mlima wetu wa volkano, ulitapika jivu, likaanguka juu ya mabati na kuingia kwenye mabirika. Birika lilikuwa limejaa na maji hayanyweki. Tangu siku hiyo mama yake akisikia mngurumo wowote, hata wa lori, macho yanakwenda mlimani kwanza, halafu kwenye mfuniko.

Saa 12 na nusu

Chai na mkate wa sinia, ambao hapa ni mkatra siniya. Asubuhi ya kwanza nilipoletewa nilidhani nitaishi kwa lugha yangu bila tabu. Mtu ni mdru, maji ni madji, chuoni kwa watoto ni shioni. Nikajiona nimefika nyumbani.

Nyumba yenyewe si yangu, na hili nililieleza vibaya sana kwetu nilipooa. Huku mwanamume ndiye anayehamia kwa mke. Nyumba ni ya mwanamke, alijengewa na ukoo wake, na ardhi ya ukoo inayoitwa manyahuli inapita kwa mama kwenda kwa binti. Kaka wa mke wangu analala kwa mkewe mtaa wa pili, baba mkwe alihamia hapa ujanani na kibegi chake. Kwetu Kikwajuni mwanamume anayekaa ukweni hutungiwa nyimbo. Hapa anayecheka ni nani, wote wako ukweni!

Saa 2 asubuhi

Teksi ya kuchangia kwenda Moroni. Ndani yumo mzee mwenye kofia ya kushonwa kwa mkono, kazi ya miezi ile. Namsalimu, "Kwezi." Ananijibu, "Mbona."

Mara ya kwanza kujibiwa hivyo nilisimama njiani nikaanza kujieleza. Nilidhani ananiuliza mbona namsalimu! Kumbe kwezi ndiyo shikamoo yao, na mbona ndiyo itikio. Siku ya pili mtoto akanipa kwezi, mimi kwa mazoea nikamwitikia marahaba. Akacheka mpaka akakaa chini, maana marahaba huku ni asante. Lugha ingekuwa ngeni kabisa ningekuwa mwangalifu. Kinachonipoteza ni huku kufanana.

Na fundi vilevile. Fundi hapa kwanza ni mwalimu wa dini. Jirani alipomwambia nduguye kwamba binti wa nyumba ile kaolewa na fundi kutoka Zanzibar, watu walikuja wakitarajia darsa. Wana haki ya kutarajia: Sheikh Ahmed bin Sumeit, kadhi aliyesifika Unguja mpaka alipofariki 1925, alizaliwa hapa hapa Itsandra mwaka 1861. Waliletewa mtu wa mkasi na futi kamba.

Saa 3 hadi saa 7 mchana

Kibanda changu kiko karibu na soko la Volo-Volo. Nina cherehani mbili, moja ya umeme na moja ya kukanyaga, na ya kukanyaga ndiyo inayolisha familia. Umeme leo umekatika saa 4 na robo. Mwanafunzi wangu hata hakuinua kichwa, alihamisha kiti tu. Amevaa jezi ya timu ya taifa, wale wanaoitwa kwa jina la samaki, gombessa, samaki ambaye wataalamu walidhani alikwisha duniani pamoja na madinosaria. Wavuvi wa hapa walikuwa wakimvua na kumdharau, nyama yake haina ladha. Mwaka 1952 mmoja alinaswa Nzwani, akatumiwa ndege kuja kumchukua mpaka Afrika Kusini.

Kazi ya leo: kanzu nne, huku zinaitwa kandu, na sare ya kina mama thelathini na sita kwa ajili ya twarab ya Jumamosi. Ndiyo, taarab ile ile, ila hapa ni sehemu ya harusi kubwa, na bila harusi kubwa mimi ningekuwa nimesharudi Unguja zamani.

Harusi hii inaitwa anda. Mtu anaweza kuoa kwa mahari ndogo, akazaa, akalea, akapata wajukuu, na bado mji unamhesabu kijana kwa sababu hajafanya anda. Daktari, waziri, wote sawa: mwana mdji, mtoto wa mji. Akishaifanya ndipo anakuwa mdru mdzima. Mtu mzima, yaani, na hilo halihusiani na miaka. Anavaa mharuma, shali ya heshima, begani, anakaa safu ya mbele, anazungumza kwenye bangwe, uwanja wa mji, na watu wanamsikiliza. Ndiyo maana bwana harusi wa kanzu hizi nne ana miaka hamsini na tatu na anamwoa mwanamke aliyekwisha kumzalia watoto watano.

Sherehe si ya siku moja. Kuna madjlis ya wanaume na dua zake, kuna twarab ambako noti zinarushwa, kuna djaliko ya usiku, kuna zifafa bwana anaposindikizwa nyumbani kwa mke. Kuna dhahabu ya bibi harusi, kuna ng'ombe, kuna kulisha mji mzima. Gharama inafika maelfu mengi ya euro, katika nchi ambayo mshahara wa mwalimu unaweza kuchelewa na hakuna anayeshangaa. Ali Soilih, aliyetawala mpaka 1978, alijaribu kuipiga vita. Yeye ameondoka, anda ipo.

Mwanzoni nami nilisema israfu. Siku hizi nakaa kimya, kwanza kwa kuwa nakula humo, ushahidi wangu haufai. Pili, nimeona sehemu ya fedha ya anda inatozwa na mji, na kwa fedha hizo misikiti, barabara na madarasa vimejengwa. Serikali isipofika, harusi inafika. Ila nimeona pia mwanamume mwenye deni la miaka saba akivua mharuma ili aende kuomba unga dukani.

Saa 8 mchana

Madaba kwa wali: kisamvu cha nazi, kimesagika hasa. Pilipili yao, putu, naomba pembeni. Umeme haujarudi.

Saa 9 alasiri

Anaingia "je viens". Ndivyo wanavyoitwa hapa Wakomoro wa Ufaransa wanaokuja likizo Julai na Agosti, kwa Kifaransa maana yake "ninakuja". Uwanja wa ndege wa Hahaya unawamwaga kila wiki, na masanduku yenye uzito wa friji. Huyu ndiye bwana harusi mwenyewe. Ni dereva wa basi Marseille, amejiwekea akiba miaka ishirini. Analipa kwa euro na mimi sina haja ya kupiga simu kuuliza bei ya leo: tangu 1999 euro moja ni faranga 492 kasoro kidogo, haipandi haishuki.

Anajipima kanzu. Anajitazama kwenye kioo changu chenye ufa, mbele, nyuma, akakaa kimya kwa muda. Kisha akaniambia kwa Kingazija cha polepole, ili nielewe, kwamba kule Marseille abiria hawajui hata jina lake.

Nikapunguza pindo nusu inchi. Sikuwa na jibu.

Saa 11 jioni

Narudi Itsandra. Kusi limetulia, bahari iko kama kitambaa kilichopigwa pasi. Mke wangu amenunua jodari ufukweni, kichwa kimekwenda kwa mama yake, mkia kwa jirani, na mimi nimeagizwa ndimu.

Napitia bangwe. Wazee wamekaa kwenye mabaraza ya mawe na miharuma yao, kila mtu mahali pake, na mahali hapo hapakaliwi hovyo. Vijana wako upande wa pili. Nasema vijana, lakini mmoja wao ana mvi kuliko mimi na ni mstaafu wa forodha. Mimi hukaa na hao. Kwa kuwa ni mgeni hawanidai sana, na bado kila Agosti shemeji yangu, mdogo wangu kwa miaka tisa, ananipungia mkono kutoka upande wa wakubwa huku akitabasamu. Alifanya anda yake mwaka juzi. Kanzu nilimshonea mimi, tena bure!

Leo wanajadili maji. Wageni ni wengi, mabirika ya mtaa wa juu yamefika chini, je harusi ya Jumamosi inunue lori la maji au mji uchangie? Mjadala umekwenda saa nzima kwa adabu kubwa. Mstaafu wa forodha aliyenikalia ubavuni ana rafiki mwenye lori, bei anaijua, namba ya simu anayo mfukoni. Hakuruhusiwa kusema. Akamnong'oneza mpwa wake mwenye mharuma, mpwa akasimama akayasema kama yake, wazee wakatikisa vichwa: hayo ndiyo maneno ya mtu mzima.

Saa 2 usiku

Umeme umerudi, namalizia vifungo nyumbani. Binti yetu ana miaka sita na amelala kwenye mapande ya sare ya kina mama. Mke wangu ametandika daftari mezani. Wajomba wa mtoto wametuma fedha: mchanga umepatikana, matofali mia tatu yako tayari, na kiwanja nyuma ya nyumba ya bibi yake kimekwisha kusafishwa. Nyumba ya mtoto wa kike huku inaanza angali anang'oa meno. Itachukua miaka kumi na tano, chumba kimoja kimoja, na siku moja atahamia humo mwanamume na kibegi chake. Sijamjua na tayari namwonea huruma.

Muashi amepiga simu kuuliza kesho aanze kuchimba msingi wa upande gani. Mke wangu akaniangalia, halafu akamwangalia mama yake aliyekuwa mlangoni.

"Mwambie msingi usubiri," akasema mama mkwe. "Aanze na birika."