Wilkie Collins, mtu aliyetufanya sote mahakimu

Watu wakianza kubishana kuhusu waandishi wa Uingereza wa enzi za Malkia Victoria, jina la Dickens ndo linatoka kwanza, halafu watu wa mapenzi wanawaleta akina dada Brontë, halafu mada inaishia hapo. Mimi leo nataka kumtetea mtu mwingine kabisa, ambaye kazi yake tunaila kila siku bila hata kujua nani kapika. Wilkie Collins. Kazaliwa London 1824, mtoto wa mchoraji, rafiki wa karibu wa Dickens, kasomea sheria akapokelewa uwakili 1851, ila uwakili wenyewe hakuufanya. Hiyo sheria aliyoitupa mkono ndo iliyomtengeneza, nitairudia.

Chukua siriz yoyote ya upelelezi. Nyumba kubwa ya matajiri, wageni wamejaa, kitu cha thamani kinapotea usiku au mtu anakutwa kafa, polisi wa pale karibu anakuja anavuruga kila kitu, basi anaitwa mpelelezi mwenye sifa kutoka jiji kubwa na lazima awe na kitu chake cha ajabu anachokipenda, kila aliyemo ndani anaficha kitu, wewe unamshuku huyu kumbe ni yule, na mwishoni tukio linaigizwa upya ili ukweli utoke. Hayo yote, nasema yote, yamo kwenye riwaya yake The Moonstone ya 1868. Mpelelezi wake, Sajini Cuff, anapenda mawaridi, yaani katikati ya uchunguzi wa almasi iliyoibiwa anabishana na mtunza bustani kuhusu njia za bustani ya mawaridi ziwekwe nyasi au kokoto. Sherlock Holmes anakuja 1887, miaka karibu ishirini baadaye.

T. S. Eliot, yule mshairi, aliandika mwaka 1927 kwamba The Moonstone ndo riwaya ya kwanza, ndefu kuliko zote na bora kuliko zote katika riwaya za kisasa za upelelezi za Kiingereza. Hapo kwenye "ya kwanza" watu wanagombana mpaka leo, maana Edgar Allan Poe wa Marekani alikuwa na hadithi fupi za mpelelezi toka 1841, na ipo riwaya inaitwa The Notting Hill Mystery ilianza kutoka 1862. Sawa, wagombane. Mi naona wanagombania kitu kidogo, kwa sababu mpelelezi siyo zawadi kubwa aliyotuachia Collins. Zawadi kubwa ni shahidi.

Sikia, hapa ndo ile sheria aliyoisomea inaingia. Riwaya yake The Woman in White ilianza kutoka tarehe 26 Novemba 1859 kwenye gazeti la kila wiki la Dickens, All the Year Round, ikaenda mpaka Agosti 1860. Ukurasa wa kwanza tu anakwambia hadithi hii itasimuliwa na watu zaidi ya mmoja, kama kesi inavyosikilizwa mahakamani, kila mtu anaeleza kile alichokiona yeye mwenyewe na akifika mwisho wa anachokijua anakaa chini anasimama mwingine. Hakuna yule msimulizi mkubwa aliyeko juu anayejua moyo wa kila mtu. Kuna mwalimu wa kuchora, kuna mwanasheria wa familia, kuna dayari ya mwanamke, kuna mpishi, kuna daktari na cheti cha kifo, kuna hata maandishi ya kaburini. Na kila mmoja ana sababu zake za kusema anavyosema. Wewe msomaji ndo hakimu, hakuna wa kukusaidia.

Kabla yake riwaya za barua zilikuwepo, tena nyingi, karne ya 18 ilijaa. Lakini barua zile zilikuwa za kufungua moyo. Collins akazigeuza ushahidi, tarehe zikawa na uzito, nani alikuwa wapi siku gani ikawa ndo hadithi yenyewe. Na wasomaji wakaingia kwenye mtego vizuri sana, mpaka mhakiki wa gazeti la The Times mwaka 1860 akakaa akapiga hesabu za tarehe akagundua njama nzima ya wabaya haiwezekani kwa sababu tarehe zimepishana kama wiki mbili. Collins akakubali akarekebisha kwenye toleo lililofuata. Ukiona leo watu wanakesha mtandaoni wanasimamisha picha ya episodi wanakagua saa ya ukutani, jua babu yao ni huyo mhakiki.

(Kuanzia hapa nitatoa siri za The Woman in White, kitabu kina miaka zaidi ya 160 jamani, nisameheni.)

Kuna sehemu moja ambayo kila nikiisoma mwili unanisisimka. Marian Halcombe, mwanamke mwenye akili kuliko wote humo ndani, amekuwa akiandika dayari yake, na sisi tumekuwa tukiisoma, tunamwamini, tumezoea sauti yake. Usiku mmoja anatoka dirishani anatambaa juu ya paa la veranda mvua inamnyeshea ili asikilize wabaya wakipanga mambo. Anarudi amelowa, anaandika, homa inamshika, maandishi yanaanza kukatika katika, sentensi haziishi. Halafu chini yake kwenye dayari hiyohiyo yanafuata maandishi ya mtu mwingine. Ni Count Fosco, adui mwenyewe, ameipata dayari kaisoma yote, na anaandika kumsifia Marian kwa akili yake na uandishi wake mzuri. Yaani adui kaingia ndani ya kitabu unachokishika. Ghafla unagundua wakati wote ulipokuwa unasoma siri za Marian hukuwa peke yako.

Na huyo Fosco mwenyewe ni somo. Mnene, mpole, anaimba, anafuga panya weupe wanatembea kwenye fulana yake, anapenda keki. Wabaya wa hadithi kabla ya hapo wengi walikuwa wale wembamba wenye macho ya kuzama, unawajua wakiingia tu mlangoni. Jambazi mwenye adabu, msomi, anayekuchekesha na kukutisha kwa pamoja, yule tunayempenda kwenye sinema hata kama hatutaki kukiri, damu ya Fosco imo.

Kitabu kilivuma mpaka kukatoka manukato ya The Woman in White, majoho, kofia, na muziki wa kucheza wenye jina hilo. Tunadhani kuuza fulana za filamu ni akili za juzi.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo naona linasahaulika. Njama ya kitabu ni hii: mume anaoa mwanamke tajiri, Laura, ambaye akifa bila mtoto pauni 20,000 zinaenda kwa mume. Kuna mwanamke mwingine anayefanana naye, maskini, mgonjwa, aliyewahi kufungiwa kwenye nyumba ya wagonjwa wa akili. Yule maskini anakufa anazikwa kwa jina la Laura, na Laura mzima wa afya anafungiwa kule kwa jina la marehemu. Akisema mimi ni Laura, wanasema ndo ugonjwa wenyewe huo.

Inaonekana ni chumvi nyingi, lakini Collins hakuitoa hewani. Alisema mwenyewe alikuwa Paris na Dickens wakizurura akakuta kwa muuza vitabu wa mtaani majalada yaliyochakaa ya kesi za zamani za Ufaransa, na humo kuna kesi ya mwanamke wa kitajiri, Madame de Douhault, aliyefungiwa kwa jina la uongo ili ndugu yake abaki na mali. Tena mwaka 1858, mwaka mmoja tu kabla hadithi haijaanza kutoka, Uingereza nzima ilisikia habari ya Rosina Bulwer Lytton, mke wa mwanasiasa na mwandishi mkubwa, aliyempigia mumewe kelele kwenye mkutano wa uchaguzi na baada ya wiki kama mbili akajikuta kafungiwa kama kichaa, akatolewa baada ya wiki chache magazeti yalipochachamaa. Na sheria ya wakati huo, mwanamke akiolewa mali yake kwa sehemu kubwa inakuwa ya mume, mpaka sheria za mwaka 1870 na 1882 zilipoanza kubadilisha. Kwa hiyo msomaji wa 1860 hakuwa anasoma mazimwi. Nyumba ya kutisha ya zamani ilikuwa kasri lenye mizimu, Collins akaihamishia kwenye ndoa, kwenye karatasi ya daktari, kwenye mkataba wa mwanasheria. Mapinduzi makubwa kabisa haya kwa maoni yangu, kwa sababu ile thrila ya "mume wangu ananiambia nimechanganyikiwa" tunayoiona kila msimu inatoka huku moja kwa moja.

Angalia mlolongo huu: Sarah Waters akaandika Fingersmith mwaka 2002, wizi wa utambulisho, mrithi wa kike, nyumba ya vichaa, harufu ya Collins kila kona ila sasa wanawake wawili wenyewe ndo wanaosimulia na wanapendana. Mwongozaji Park Chan-wook akaichukua hiyo akaihamishia Korea ya wakati wa utawala wa Wajapani, ikawa The Handmaiden, 2016. Mtu ameiangalia filamu ya Kikorea kashangazwa na ile hadithi inayorudi nyuma na kusimuliwa upya na mtu mwingine, wala hajui kuna mzee wa London mwenye ndevu nyingi anacheka huko alipo.

The Moonstone nayo ina mizizi kwenye tukio la kweli. Mwaka 1860 mtoto mdogo aliuawa kwenye nyumba ya familia ya Kent, kesi ya Road Hill, akatumwa Jonathan Whicher, mmoja wa wapelelezi wa kwanza kabisa wa Scotland Yard, yaani polisi wa London. Whicher akamshuku dada wa kambo wa mtoto, Constance, msichana wa miaka 16, na ushahidi wake mkubwa ulikuwa gauni la kulalia lililopotea. Watu wakamjia juu, mwanaume wa tabaka la chini anathubutuje kumtuhumu binti wa watu, kesi ikafa na jina lake likachafuka. Mwaka 1865 Constance akakiri mwenyewe. Collins akalichukua lile gauni, akatoa damu akaweka rangi ya mlango, akampa Cuff ile aibu ya kushuku binti wa nyumba. Mwizi ni nani sisemi, hii ya pili naiheshimu.

Na kuna kitu kingine humo. Almasi yenyewe ni mali ya wizi toka mwanzo, imeporwa na afisa wa Kiingereza vita vya Seringapatam, India, 1799. Wale Wahindi watatu wanaoizunguka nyumba kila mtu anawaona ndo wezi, kumbe ndo wenye haki ya kuidai. Kitabu kimetoka miaka 11 tu baada ya uasi wa 1857 wa Wahindi dhidi ya Waingereza, wakati Waingereza wengi walikuwa wanataka kulipiza kisasi, na almasi maarufu ya Koh-i-Noor, iliyotoka India, ilikuwa kwa Malkia. Sisemi Collins alikuwa mpinga ukoloni, zipo kurasa zinazokera, lakini mwisho wa kitabu almasi haibaki Uingereza. Waandishi wengi waliomfuata walichukua jiwe la laana na Mhindi wa kutisha kichakani, wakaacha swali la nani aliiba kwanza.

Bram Stoker alipoandika Dracula, 1897, akatumia dayari, barua, vipande vya magazeti, fomula ileile. Dorothy Sayers, malkia mmojawapo wa riwaya za upelelezi, alianza kuandika maisha ya Collins hakumaliza, ila 1930 akatoa riwaya ya nyaraka tupu, The Documents in the Case. Na hizi podikasti za kesi za kweli, huyu anahojiwa, yule anahojiwa, barua inasomwa, mtangazaji anakuachia uamue, ni Collins aliyewekewa maiki.

Kwa nini basi jina limefifia? Dickens ni kivuli kikubwa, hilo moja. Laudanamu ni la pili, dawa yenye afyuni aliyokunywa kwa maumivu mpaka kifo chake 1889, japo yenyewe ndo iliyompa fundo la The Moonstone. La tatu riwaya zake za baadaye ziligeuka mahubiri, mshairi Swinburne akamtania kwamba kuna shetani alimnong'oneza awe na ujumbe. Pale makaburini Kensal Green, London, jiwe lake linamtaja kuwa mwandishi wa The Woman in White na kazi nyingine za kubuni.

Mkitaka kuanza, anzeni na hiyohiyo, hakimiliki imeisha siku nyingi inapatikana bure. Halafu The Moonstone, na tafadhali msimruke Miss Clack, yule mama wa dini anayeacha vijitabu vya wokovu kila kona ya nyumba ya mgonjwa, hakuna mcheshi kama yeye humo. Riwaya yake nyingine, Armadale, iacheni mpaka mzoee, ni nene balaa na kuna wanaume kibao humo ndani wote wanaitwa Allan Armadale.