Kichocheo cha nikeli kilichobadilika kila siku: chuma kilikuwa ndani ya KOH

Dalili: utando wa nikeli hidroksidi (kichocheo, yaani kinachoharakisha mmenyuko) kwenye KOH (potasiamu hidroksidi) ya 1 M (moli 1 kwa lita) ulianza kutoa oksijeni kwa volteji ndogo zaidi kila siku. Kwenye grafu ya mkondo na volteji, kilele cha oksidesheni ya nikeli kilisogea kwenye volteji ya juu zaidi na kusinyaa, na kwenye spektra ya Raman (mwanga wa leza unaotawanywa na utando) uwiano wa vilele vya 474 na 554 cm⁻¹ ukashuka.

Tulibadilisha elektrodi rejea (ile ya kupimia volteji), tukapunguza nguvu ya leza, tukanunua KOH safi zaidi. Bure. Hata KOH ya daraja la juu hubeba chembe za chuma, na kiasi kidogo mno chatosha kuingia kwenye utando na kuuchangamsha.

Kilichofaa ni kuisafisha KOH yenyewe: yeyusha gramu 2 za nikeli nitrati safi sana (heksahidrati) katika mL 4 za maji, ongeza mL 20 za KOH. Mashapo ya kijani yatashuka. Zungusha kwa sentrifuji, mwaga maji ya juu, suuza mara tatu. Kisha mimina mL 50 za KOH ya kusafishwa, tikisa dakika 10, acha saa 3 au zaidi, zungusha tena. Mashapo hufyonza chuma.

Lakini siku mbili baadaye tatizo lilirudi! Chupa ilikuwa ya kioo, na KOH hulamba kioo na kukitoa chuma chake. Tangu chupa na seli (vyombo vya kupimia) ziwe za plastiki, polipropilini na PTFE (Tefloni), zilizosuuzwa kwa asidi ya sulfuriki ya 0.1 M, vilele vimetulia.