Kikomo cha yuniti kwenye Solana: pima kabla ya kutuma

Wengi wanaounda programu za malipo hapa Nairobi juu ya Solana, mtandao wa blockchain, huweka kikomo cha yuniti (kipimo cha kazi ya kompyuta) 1,400,000, ule upeo wa muamala mmoja, kisha wanasahau. Muamala unapita, lakini ada ya kipaumbele, ile ya kuharakisha muamala, hukatwa kwa kikomo ulichoomba, si kwa ulichotumia. Kwa bei ya maikrolamport 50,000 kwa yuniti, hiyo ni lamport 70,000 (lamport ni sehemu ya bilioni ya sarafu ya SOL, na maikrolamport ni sehemu ya milioni ya lamport). Ukiomba 66,000, unalipa 3,300 tu. Kwa mfanyabiashara wa Gikomba anayetuma pesa ndogondogo kutwa, tofauti hiyo inauma.

Jenga muamala kamili, ukiwa na maagizo ya kikomo na bei ndani yake, kwa sababu nayo hula yuniti 150 kila moja. Weka kikomo 1,400,000 kwa muda, uite simulateTransaction (jaribio lisiloingia kwenye mtandao) huku replaceRecentBlockhash ikiwa true, ili seva ijiwekee blockhash mpya, usome unitsConsumed, yaani yuniti zilizotumika. Kwanza kagua err, sehemu ya jibu inayoonyesha kosa: jaribio likifeli katikati, namba hiyo haina maana. Ongeza asilimia 10, uiweke iwe kikomo, ndipo utie saini.

Usihifadhi makadirio ya mteja mmoja ukayatumia kwa mwingine. Akaunti ya tokeni ya mpokeaji, inayoshika sarafu anazotumiwa, isipokuwepo, kuifungua kunaongeza gharama. Isitoshe, anwani ya akaunti hiyo hutafutwa kwa kujaribu, na kila jaribio ni yuniti 1,500. Wenye bahati hupata mara ya kwanza, wengine ya nne. Kikomo kisipotosha, muamala unafeli na ada inakatwa vilevile. Mimi, kwa mpokeaji mpya, naongeza asilimia 20.