Nusu ya Nini? Siku Moja ya Kuandika Mkataba wa Ushirika Lubumbashi

Saa moja na nusu asubuhi. Mezani kwangu kuna karatasi moja iliyoandikwa kwa mkono: «Sisi wawili tumekubali kushirikiana nusu kwa nusu.» Wenyewe ni dada mmoja anayechora na kupamba ndani ya nyumba, na fundi wa mbao wa Katuba ambaye humtengenezea kabati na meza. Wamefanya kazi pamoja miaka mitatu kwa kuaminiana tu, na sasa wanataka kampuni. Karatasi yao haisemi nusu ya nini.

Saa mbili ninafungua sheria. Kongo imo katika OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria za biashara za pamoja, tangu tarehe 12 Septemba 2012, kwa hiyo kampuni zetu zinafuata Sheria ya Pamoja iliyopitishwa Ouagadougou tarehe 30 Januari 2014. Nimewachagulia SARL, yaani kampuni ambayo mshirika hadaiwi kuzidi mchango wake, kwa sababu katika SNC, aina nyingine ya kampuni, kila mshirika anaweza kudaiwa madeni yote ya kampuni hadi kwenye mali yake mwenyewe, na fundi ana watoto sita. Shida iko kwenye michango. Fundi analeta randa ya umeme na misumeno, ilhali dada analeta ujuzi. Sheria inaukubali ujuzi kuwa mchango, lakini hauingii katika mtaji, hisa zake haziuzwi wala hazirithiwi, na kura zinazotokana nao haziwezi kuzidi asilimia 25 ya kura zote.

Saa nne wanafika, nami ninawaeleza hivyo hivyo. Dada ananyamaza kidogo.

«Wakili, kwa hiyo mashine zinajua kupamba kunishinda mimi?»

«Dada yangu, usiseme hivyo,» fundi anamjibu. «Bila michoro yako ningali natengeneza vitanda tu.»

Hapo ndipo tulipokaa muda mrefu kuliko popote. Ujuzi wa kesho una mpaka wake, lakini michoro iliyokwisha kuchorwa ni mali yenye haki zake, na inaweza kuthaminiwa na kuingizwa katika mtaji kama mashine zinavyoingizwa. Tulianza kuihesabu, tukaondoa ile ambayo wateja walikwisha kuinunua pamoja na haki zake, ikabaki kumi na moja. Dada akaongeza akiba yake ya dola 1,500. Fundi naye, kwa hiari yake, akasema msumeno mkubwa hatautia katika kampuni bali ataikodishia, ili mizani isimwelemee mwenzake. Sheria inataka mthamini wa michango pale vitu vinapozidi faranga za CFA 5,000,000, fedha ambayo sijaiona hata siku moja katika soko la hapa, kwa hiyo nilikaa nikigeuza hesabu kuwa dola; tuko chini ya kiwango hicho.

Saa saba, bukari (ugali wetu) na samaki. Hakuna aliyetaja mkataba.

Saa nane ninaandika kwa Kifaransa, kisha ninawasomea kila kifungu kwa Kiswahili, maana sipendi mtu atie sahihi maneno aliyoyasikia nusu. Kifungu cha avansi kilimshtua fundi: fedha ambazo mteja ametanguliza kwa ajili ya vitambaa na mbao zitakaa mbali na faida, wala hazitagawanywa kabla ya kazi kupokelewa. Nusu kwa nusu wameing'ang'ania, ingawa niliwaonya kwamba maamuzi ya kawaida yanahitaji zaidi ya nusu ya hisa, hivyo wakikataana hakuna wa kushinda. Tumeandika kwamba wakikwama watamwita mpatanishi waliyemchagua wote wawili, na baada ya siku 30 bila mwafaka, mmoja wao anaweza kununua hisa za mwenzake kwa bei ya mthamini. Mimi ningependelea 51 kwa 49, lakini kampuni si yangu.

Saa kumi umeme ukakatika, nikaendelea kwa kalamu.

Saa kumi na moja na nusu kimebaki kifungu kimoja: wakiachana, michoro ile kumi na moja itarudi kwa nani? Fundi anasema ni ya kampuni, kwa kuwa imelipiwa kwa hisa. Dada anataka apewe haki ya kuinunua kwanza. Nimeacha nafasi tupu kwenye ukurasa wa saba, na dada ameahidi kuleta michoro yenyewe kesho saa tatu, tuiangalie mmoja mmoja.