Joto lililoua kuku wangu halikutoka kwenye hewa

Kuku wangu 38 walikufa kwa alasiri mbili tu, mwezi wa pili, hapa Pongwe nje kidogo ya mji wa Tanga. Walikuwa kuku wa nyama 200 wa wiki ya tano, na mnunuzi alikuwa aje Jumamosi. Anayefuga anajua uchungu wake: kuku wa umri huo ameshakula karibu chakula chote ulichomnunulia. Saa nane walianza kuhema midomo wazi, mabawa wameyaachia. Saa tisa na nusu nikawa natoa mizoga.

Kuku hatoi jasho. Mwili wake una digrii 41 hivi, na kuhema ndiyo njia yake kubwa ya kujipoza. Hilo nilikuwa nalijua, kwa hiyo nikakimbilia feni mbili. Ziliwasaidia waliokuwa mbele yake. Waliobaki waliendelea kuhema. Kipimajoto nilichokitundika kivulini, usawa wa kuku, kilisoma digrii 34. Nikakipeleka chini ya mwembe, kikasoma 33. Pale chini ya mwembe kuku wa kienyeji walikuwa wamejilaza kwenye vumbi, wametulia tuli. Jambo hilo lilininyima usingizi. Hewa ni karibu ile ile, sasa mbona huku wanakufa na kule wanalala?

Jibu lilinijia nikiwa na boksi tupu la vifaranga mkononi. Nilikuwa nimesimama katikati ya banda, nikalipandisha juu ya kichwa ili nipite pembeni ya feni. Uso ukapoa papo hapo. Nikalishusha, joto likarudi usoni kama mtu aliyeinamia jiko la mkaa. Nikapandisha tena, nikashusha tena, mara tano au sita. Hewa niliyokuwa navuta haikubadilika hata kidogo, ilikuwa ya moto vilevile. Boksi lilikuwa linakinga kitu kilichokuwa kinashuka kutoka kwenye bati, kinapita hewani bila kusimama, na kunipiga mimi na kuku wangu.

Jioni nikamweleza binti yangu, yuko shule ya msingi. Akafungua daftari la sayansi. "Mama, huo ni mnururisho. Joto la jua nalo linakuja hivyohivyo, haliihitaji hewa." Nikakaa naye kitako. Kati yetu na jua kuna kilomita zipatazo milioni 150, na karibu njia yote hiyo haina hewa, lakini mwanga wake unatufikia kwa dakika 8 na kidogo. Ukifika kwenye hewa yetu, sehemu kubwa inapita tu, kama inavyopita kwenye kioo cha dirisha. Inakuja kukamatwa chini: kwenye udongo, ukuta, bati. Hivyo ndivyo vinavyopata moto kwanza, kisha vinaipasha hewa inayovigusa, na hewa hiyo ikishakuwa nyepesi inapanda. Hewa ndiyo ya mwisho kupata moto. Ndiyo maana saa sita jua liko utosini lakini joto kali la hewa linakuja saa nane, saa tisa. Na ndiyo maana Lushoto kuna baridi ingawa iko juu zaidi yetu, na Kibo, kilele cha Kilimanjaro chenye mita 5,895, kina barafu: kila ukipanda mita 1,000 hewa hupoa kwa digrii 6 hivi, kwa kuwa hewa iliyopashwa chini hutanuka kadiri inavyopanda, na ikitanuka hupoa.

Kumbe mimi nilikuwa napambana na hewa, na moto uko kwenye bati. Tena bati zangu zilikuwa kuukuu, zimeshika kutu. Bati lenye kutu linanywa jua kuliko jipya linalong'aa, na linautema moto wake chini vizuri zaidi.

Nilianza na chokaa. Nikapaka paa lote kwa brashi, mara mbili, asubuhi kabla halijaungua. Siku hiyohiyo niliweza kuligusa bati kwa chini saa nane mchana. Kabla ya hapo nisingethubutu. Masika yaliiosha baadaye, ikabidi nirudie. Ni kazi ya kila mwaka, lakini ni ya bei ndogo.

Kisha nikamwendea mzee mmoja anayesuka makuti. "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu." Nilipomwambia nataka makuti niyafunge chini ya bati, si juu, alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Acha nafasi ya shibiri. Ukiyabandika kwenye bati yataungua nalo." Alikuwa sahihi kabisa. Nafasi ile ndiyo inayopitisha hewa ya moto isikae juu ya vichwa vya kuku.

Lakini hewa hiyo itokee wapi? Hapo nilitumia chetezo. Banda likiwa tupu niliweka ubani, nikautazama moshi. Ulipanda wima, ukagonga paa, ukasambaa, kisha ukajikunja kurudi chini kando ya kuta. Hewa ya moto ilikuwa inafanya vivyo hivyo kila siku, ila sikuwa naiona. Fundi akaondoa kofia za bati kwenye mgongo wa paa, akaziinua kwa vipande vya mbao na kuweka wavu pembeni. Nikawasha ubani tena. Moshi ukapanda, ukakusanyika, ukatoka wote kwa juu.

Upande wa magharibi nimening'iniza viroba, maana banda nilijenga vibaya: ubavu wake mrefu unatazama jua la jioni. Ningejenga leo, ubavu mfupi ndio ungetazama magharibi.

Kundi lililofuata niliingiza Januari, makusudi, kipindi kilekile cha joto. Saa tisa alasiri kipimajoto kilisoma digrii 32. Tofauti ya digrii 2 tu na mwaka wa nyuma, lakini kuku walikuwa wamelala kwenye maranda, midomo imefungwa. Nikachukua boksi, nikalipandisha juu ya kichwa, nikalishusha. Uso haukuhisi tofauti yoyote.