Jinsi nilivyotuliza saketi ya kushusha volti 12 hadi 5

Hatimaye imetulia, kwa hiyo naandika ili mwenye tatizo kama hili asihangaike.

Bila mzigo, saketi ilitoa volti 5 safi. Mzigo ukipita ampea 1, koili inalia, chipu inayodhibiti volti inachemka, volti inayumba hadi mikrokontrola (kompyuta ndogo ya chipu moja inayotumia umeme huo) inajiwasha upya.

Nilibadilisha chipu, nikabadilisha koili, nikaongeza kapasita (kifaa cha kuhifadhi chaji ya umeme) kubwa kwenye pato. Wapi!

Jibu lilikuwa upande wa kuingilia. Swichi ndani ya chipu huwaka na kuzima maelfu ya mara kwa sekunde, na kila ikiwaka huvuta mkondo kwa ghafla. Mkondo huo unatakiwa utoke kwenye kapasita iliyo jirani kabisa. Yangu ilikuwa sentimita 4 mbali. Nikalehemu kapasita ya kauri ya mikrofaradi 10 moja kwa moja kati ya pini ya kuingilia na pini ya graundi. Kelele ikapungua, haikuisha.

Kilichomaliza kazi ni namba ndogo kwenye maelezo ya kapasita: volti 16, yaani kiwango cha juu inachostahimili. Kapasita za kauri za aina ya X5R na X7R hupoteza ujazo (uwezo wa kuhifadhi chaji) kadiri volti inavyopanda. Yenye umbo dogo, ikibeba volti 12, inaweza kubaki na chini ya nusu. Nikaweka ya volti 50, yenye umbo kubwa zaidi, palepale kwenye pini. Koili ikanyamaza, na sasa saketi inatoa ampea 2 bila kuyumba.

Ukipima kwa osiloskopu (kifaa kinachochora mabadiliko ya volti), tumia waya mfupi wa graundi. Mrefu hunasa kelele za umeme ambazo hazimo kwenye pato.