Neno "kumimina" kwa herufi nono

Shangazi yangu anauza mkate wa kumimina hapa Wete, na ubao wake wa kwanza niliuharibu mimi. Nilichagua Cooper Black, fonti ninayoipenda tangu nianze kazi ya kuandika mabango: herufi nene, ncha zote zimeviringwa, kama unga uliokwisha kuumuka. Kwa mkate, niliona haina mpinzani. Basi nikajaza ubao mzima, jina, bidhaa sita, bei, namba ya simu, vyote kwa herufi kubwa. Shangazi akavuka njia, akautazama weee, kisha akaniambia: "Mwanangu, kazi umeifanya, lakini mie naona weusi tu."

Iliniuma, maana alisema kweli. Oswald Cooper wa Chicago aliichora fonti hii kwa matangazo na vichwa vya habari, ikatoka mwaka 1922. Ni ya maneno machache na makubwa. Unene wake umezila tundu za *a* na *e*, na ukiipunguza kipimo, rangi ya brashi inazimaliza zilizobaki. Tena utamu wake umo kwenye herufi ndogo. Majina ya kanga huandikwa kwa herufi kubwa tupu na yanasomeka vizuri, kwa kuwa zile ni herufi za kawaida zisizo na manofu. Hizi ukizipanga kubwa tupu, zinasongamana.

Nikaupaka ubao rangi nyeupe upya, nikabakisha maneno matatu: Mkate wa kumimina.

Hapo ndipo nilipopata tabu hasa. Liangalie neno lenyewe. Kutoka *m* ya kwanza mpaka *n* kuna miguu kumi iliyosimama, yote minene, yote sawa. Cooper Black huzoeleka kupangwa kwa kubanana, nami nilipoibana nikapata ua wa miti, si neno. Nilifuta kwa kitambaa mara tatu. Mwishoni nikaacha nafasi ya kidole kizima baina ya herufi na herufi, nikaviinua vitone vya *i* juu kidogo, na tundu la *a* nikalichora pana kuliko lilivyo kwenye fonti. Wako watakaosema nimeiharibu. Mimi naona fundi wa brashi ana haki hiyo, maana rangi ya mafuta hutanuka.

Jambo jingine ni mstari. Nilipiga uzi wa chaki kama kawaida, lakini herufi hizi hazina nyayo bapa, chini zimeviringwa. Ukizikalisha juu ya mstari sawasawa, zinaonekana zinaelea. Nikazishusha zivuke chaki kidogo, zikatulia.

Namba ya simu nimeiandika pembeni kwa herufi nyembamba.

Jirani yake, muuza samaki, naye anataka herufi zile zile. Nimemwomba anipe neno moja tu.